Kwarara na Zamu ya Alhamisi

Alikuwako Kwarara mmoja, ndege mwenye kelele, aliyeamini kwamba bila yeye dunia itakauka. Moto ulipoteketeza miti ya mlimani na chemchemi ikaanza kupungua, alipanda miche, akawa anaimwagilia peke yake kwa mdomo, tone kwa tone, huku akifoka: "Tunakwisha! Na ninyi mmelala!"

"Dada, tupokezane," Fuko alimwambia.

"Ninyi? Mtaiua!"

Siku ya saba aliishiwa nguvu, akaanguka chali, akalala siku tatu. Alipozinduka alilia, maana alijua miche yote imekufa. Akajikokota mpaka mlimani.

Miche ilikuwa imechipua. Fuko alikuwa amechimba mfereji wa maji, na Nungunungu na wanawe walikuwa wakipanda mingine huku wakiimba na kutaniana.

"Na ule niliouhangaikia kuliko yote?" Kwarara aliuliza kwa sauti iliyokauka. "Ule uliokataa kutoa jani?"

Nungunungu alikohoa kidogo. "Ule si mche, dada. Ni kijiti nilichochomeka nijikunie mgongo. Tuliona haya kukwambia, ulivyokuwa ukiulilia."

Kwarara alijicheka mpaka akakaa chini.

"Na mvua isiponyesha?" aliuliza baadaye.

"Tutahangaika pamoja," alisema Fuko. "Zamu yako ni Alhamisi. Siku nyingine ule, ulale, uje tuimbe."

Ijumaa Kwarara alilala mpaka jua likapanda, na chemchemi, bila kumwomba ruhusa, ikaendelea kutiririka.