Mlango wa Hondohondo

Hakuna ndege aliyejisifu kwa ufundi kama Mama Hondohondo, na alikuwa na haki. Siku zake za kutaga zilipokaribia, alichora ramani kwenye gome la mti: pango ndani ya shina, ukuta wa udongo mbele, na ufa mwembamba wa mumewe kumpitishia chakula.

Kima, mpenda mayai, akaja kuikagua.

"Mama, nyumba gani hii haina mlango?"

"Ungependa uwe na upana gani, jirani?"

Kima akaingiza mkono pangoni mpaka begani. "Angalau huu upite."

"Hebu tulia hivyo hivyo," alisema Hondohondo, akaupima kwa mdomo.

Kisha akaingia pangoni, akaanza kukandika ukuta kutokea ndani. Kima akaangua kicheko. "Fundi kajijengea kaburi!"

Ukuta ulipokauka na mayai yalipotagwa, Kima alirudi na njaa yake. Akasukuma mkono kwenye ufa, vikaingia vidole tu. Akaupiga ukuta ngumi. Haukutikisika.

"Umejenga vibaya!" alifoka.

"Nimejenga barabara," Hondohondo alijibu akiwa juu ya mayai yake. "Kipimo ulinipa mwenyewe."