Fungu la Kamba ya Mgomba

Mafungu kumi na tisa ya mchicha Consolata aliyafunga kwa uzi wa kiroba. La ishirini alilifunga kwa kamba ya mgomba, akalilaza peke yake kwenye beseni, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Yale kumi na tisa yalitoka tuta la mbele. Majani yanang'aa, tundu hakuna hata moja. Tuta hilo alilipulizia dawa ya wadudu juzi jioni. Kwenye chupa waliandika mtu asichume mpaka zipite siku kumi na nne, na Consolata aliyasoma maandishi hayo vizuri. Darasa la saba alimaliza. Aliyasoma, akacheka. Siku kumi na nne! Si mchicha utakuwa umeshatoa mbegu?

"Watu wa mjini wanataka majani yasiyo na tundu," alizoea kuwaambia majirani zake pale Kashozi. "Mimi nawapa wanachotaka."

Fungu la ishirini lilitoka nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, ambako bomba la dawa halifiki. Wadudu walikuwa wamelitoboa wanavyotaka. Hilo lilikuwa la Agnetha, binti yake wa pekee, mwalimu wa chekechea Bukoba mjini. Agnetha alikuwa na mimba ya miezi mitano. Ya kwanza ilitoka. Safari hii kliniki walimwambia damu yake ni ndogo, ale nyama na mboga za majani kila siku, na Consolata alikuwa ameapa kwamba mjukuu huyu atampakata.

Asubuhi hiyo bodaboda ilimshusha sokoni kwa Sada, mwanamke anayemuuzia mboga zake. Sada alihesabu mafungu, akafika kwenye lile la kamba ya mgomba. Akaliinua juu kwenye mwanga, akaguna.

"Mama Agnetha, wewe nawe! Hili ni mchicha au chujio?"

"Ni la Agnetha. Atalipitia jioni akitoka kazini. Usimuuzie mtu."

"Mwanao wa kumzaa, tena mja mzito, ndiye unamwekea makapi? Sisi watu baki unatuletea mazuri?"

Consolata alicheka tu. Angemwambia nini? Kumwambia Sada sababu ni kujifungia soko kwa mkono wake. Maskini, alijisemea akienda zake. Miaka yote hiyo sokoni, na mchicha hajui kuutazama.

Alishinda hospitali kwa dada yake aliyelazwa. Saa kumi na mbili jioni alibisha kwa Agnetha.

"Karibu, mama waitu," Agnetha alimpokea kwa Kihaya chao. "Shikamoo."

"Marahaba. Umekula mchana? Na mtoto, anacheza?"

"Anacheza mpaka ananichosha. Kaa, chakula ni sasa hivi."

Nyama ilikuwa imeshakatwa vipande vyembamba, inachemkia kwenye nyanya na kitunguu. Pembeni mchicha ulikuwa umekatwakatwa, umejaa sinia. Juu ya meza Consolata aliiona kamba ya mgomba imejikunja, akaridhika, akavua kanga ya begani na kukaa.

Kwa jirani kitunguu kililia kwenye mafuta.

"Unamsikia huyo?" alisema, midomo imembinuka. "Mpishi wa dakika kumi. Kwetu mtu anaanza kumenya ndizi jua likiwa bado juu. Hawa, nyama vipande kama kucha, mchicha ndani, funika, funua, wameshakula. Hata maji ya kuosha wanaona uchungu. Wanatia tumboni majani ambayo hata hawajui yalilala wapi! Halafu wakiumwa tumbo, eti wamerogwa."

"Mama, mbona mimi napika hivyohivyo?" Agnetha alicheka, akamimina mchicha wote kwenye sufuria na kugeuza mara mbili. "Miguu imevimba, kusimama siwezi. Na kuosha sijaosha pia. Si wewe uliyenifundisha? Wa kwetu unakung'uta tu."

"Wewe ni wewe. Wewe unajua chakula chako kimetoka wapi."

"Tena wa leo mzuri. Nimekata harakaharaka, sikutupa hata jani."

Consolata hakumsikia vizuri. Alikuwa bado anamsonya jirani.

Agnetha akapakua. Walimega ugali kidogo, kisha Consolata akaitazama mikono ya binti yake, jinsi viganja vilivyopauka. Akachukua sahani yake mwenyewe, nyama kidogo na mboga yote, akaisukumia upande wa pili.

"Mama, na wewe je?"

"Mimi nilikula kule hospitali. Kula, mwanangu. Kula mboga hiyo, ndiyo damu."

Agnetha akala. Simu ya Consolata ikalia. Alikuwa Sada.

"Mama Agnetha, kesho niletee mafungu thelathini, yale yameisha yote. Na usinigombeze, eh? Lile la matundu roho ilinikataa. Nilimtupia mbuzi wa Omary. Mwanao nilimchagulia mwenyewe, zuri kuliko yote katika yale kumi na tisa, nikalifunga kwa kamba yako ileile ya mgomba. Mja mzito halishwi makapi, bwana. Amelipenda?"

Agnetha alikuwa anafuta sahani ya pili kwa tonge la mwisho, mkono mmoja juu ya tumbo.