Gunzi la Raya

Usidhani mtoto anayecheza peke yake hakusikii. Raya, wa miaka minne, alikuwa amekaa uani kando ya pipa la maji, akiliviringisha gunzi la muhindi kwenye kitambaa. Gunzi hilo ndilo mwanawe wa mchezo. Mama yake, Mwanakheri, alikuwa akianua nguo. Tangu juzi, alipomchapa Raya kwa kumwaga uji, mtoto alikuwa hajamsemesha hata neno.

"Umemwaga tena?" Raya alilikaripia gunzi. "Una akili wewe? Nyamaza, nisisikie sauti yako."

Mwanakheri aliyajua maneno hayo, hata ule msonyo uliofuata. Alitaka kumkataza. Badala yake akaweka nguo chini, akachutama kando ya pipa.

"Hodi hapa."

Raya alimtazama kwanza. "Karibu, mgeni. Samahani kwa kelele, mwanangu huyu mtundu."

"Pole, mama. Kwani uji aliumwagaje?"

"Sijui."

"Hujamwuliza?"

"Nimeshamwambia anyamaze."

"Basi mwulize. Mie sina haraka."

Raya akaliinua gunzi, akaliweka sikioni. Akasikiliza kwa muda mrefu, macho yake kwa mgeni.