Mluzi Kwenye Simu

Mwanamume alipiga simu kuulizia dawa ya fangasi ya vidole. Sista Sikio akamtumia gari la wagonjwa.

"Lakini sista, mimi nawashwa miguu tu!"

"Kaa wima, baba. Usilale. Kifua chako kinapiga mluzi."

Alikuwa muuguzi wa simu, mwenye visikilizi vizito vilivyoziba masikio yote mawili, na hakuna daktari aliyemshinda kusoma pumzi za mtu kwa mbali. Ndiyo maana wenzake walimbandika jina hilo. Asubuhi hiyo alikuwa amerudi kazini baada ya mafua kumlaza wiki nzima, na hakutaka mchezo. Alijua virusi vya mafua vinavyofanya: huvimbisha njia za hewa mpaka zinakuwa nyembamba, na hewa ikilazimika kupita humo, hulia.

Hadi kufikia saa nne alikuwa ameshausikia mluzi huo kwa mama aliyeulizia ratiba ya chanjo, kwa kijana aliyekosea namba, na kwa fundi bomba aliyesema yuko hapo nje mlangoni, afunguliwe. Wote aliwaagizia gari.

Msimamizi alikuja akamgusa bega. Sista aliinua kisikilizi kimoja; feni ya dari ilikuwa ikinguruma.

"Dada, gari lenyewe ni moja. Likienda bure mara nyingine, kesho nakutoa kwenye simu."

"Ni mlipuko, bosi." Alivuta hewa. "Mji mzima umebanwa."

Simu ikaita; Sista akakirudisha kisikilizi sikioni. Alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, amewaka moto.

"Sista, huyu wa fangasi amenifukuza na kandambili! Tabibu kampima, kifua kimetulia kama maji ya mtungini!"

"Mpimeni tena."

"Tena? Wote wazima, nakwambia! Wote! Mimi narudi."

Msimamizi alikuwa bado amesimama pale pale, mikono kiunoni. Sista alifumba macho, akasikiliza. Mluzi ulikuwepo, mwembamba, mrefu, mbaya kuliko yote ya asubuhi ile. Maskini, hata dereva. Na yuko kwenye usukani! Alitaka kumwonya papo hapo, ila ilimbidi avute pumzi kwanza.

"Kaka, usiendeshe," alisema. "Egesha... pembeni. Nawe... unao."

Dereva alikuwa ameshakata simu.

Mluzi uliendelea.