Marahaba ya Papo Hapo

Tangu watu waanze kuwatunza marehemu wao ndani ya mashine za nyumbani, kila marehemu huishi siku zake kwa kasi ya mashine yake. Mama yake Zamda aliwekwa kwenye bodi ya kompyuta ya bei poa. Zamda akimwamkia alfajiri, marahaba ilifika chakula cha mchana kikiwa mezani.

Akachoka kungoja, akampigia fundi Kibwana.

"Pandisha kasi kidogo kidogo, dada, na kila ukipandisha pima joto. Usipovuka nyuzi themanini, hakuna kitakachoharibika."

Zamda akapandisha, akapima, akapandisha tena mpaka nyuzi sabini na mbili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu!"

Jibu lilikuja papo hapo. Machozi yakamlengalenga. Mara akasikia harufu ya wali unaoungua.

"Nakuja sasa hivi, mama."

Akakimbia jikoni, akaepua sufuria, akarudi.

"Ulikwenda wapi, Zamda?" Mama alikuwa analia. "Siku ya tatu hii nakuita."

Kipimo kilisoma sabini na mbili vilevile. Zamda akasita kidogo tu, akitafuta neno la kumwomba radhi.

"Zamda?" mama akaita, sauti imemkauka. "Na leo pia hunijibu?"