Masikio ya Unga

Gari lililosimama nje lilikuwa safi mno kwa mtaa ule wa gereji. Nasimiyu aliliona kupitia kidirisha cha jikoni, akaacha kinyunya mezani, akaenda kuchuchumaa nyuma ya magunia ya unga.

Mchina aliyeshuka hakuvaa ovaroli kama wateja wengine. Alikuwa na shati jeupe na viatu vya kung'aa. Alipiga picha mlango usio na kibao, akapiga picha matairi yaliyorundikwa kando yake, kisha akaingia.

"Serikali," Nasimiyu alinong'ona.

Omari wa Tanga, aliyehudumia meza, alichungulia. "Wewe kila mwenye kola kwako askari. Serikali gani inakuja Industrial Area siku ya Ijumaa? Tulia, dada."

Hakutulia. Tangu atoroke kwa kafili wake, mwajiri aliyemdhamini kuingia Qatar, kule Al Rayyan, hakuwa na pataka, kile kitambulisho cha ukaazi, wala pasipoti. Kitambulisho chote alichobaki nacho ni uso wake. Kafili huyo, ambaye wafanyakazi walimwita Baba wa nyumba, alikuwa Mchina, mkubwa wa kampuni ya ujenzi. Roselyne, aliyefanya kazi nyumba ya jirani, alimpigia simu akamwambia Baba wa nyumba ameapa kumtafuta mpaka ampate, na akimpata atamrudisha ndani ya geti lile lile. Geti hilo Nasimiyu hakuwahi kulivuka mpaka siku ya kutoroka, Ramadhani ya kwanza ikapita, ya pili ikapita.

Akajikaza, akachungulia tena. Baba wa nyumba alikuwa mfupi, mnene. Huyu mrefu, mwembamba. Hakuwahi kumwona.

Baadaye Ma, Mchina mwenye mkahawa, aliingia jikoni akicheka. Mgeni ni mtu wa tumbo tu, alisema. Amezunguka mahoteli yote ya mjini, kote anapewa mchuzi mtamu kama sharubati. Sasa anafuata mabasi ya kampuni za Kichina, kila yanaposhusha watu naye anashuka, akitafuta chakula cha milima ya kwao. Anataka masikio ya unga. Ma alimwambia hapa ni tambi ndefu tu, masikio hajui kuyafinyanga.

Nasimiyu alipumua. Lakini Omari alikuwa ameshafungua mdomo huko mbele. Aliporudi alikuwa anatabasamu.

"Nimemwambia tuna dada anayatengeneza, tunakula wenyewe kila Ijumaa. Ameweka mkono kifuani, maskini. Nusura alie."

"Nani alikutuma?"

"Bakuli moja tu, Nasi. Na picha nimemkataza."

Alitaka kukataa. Ila mtu anayelilia chakula cha kwao hakujua kumwogopa. Yeye mwenyewe angevuka jangwa kwa miguu akisikia kuna mahali wanapika mrenda. Akanawa mikono.

Masikio alifundishwa na Bibi, mama wa kafili, mtu pekee katika nyumba ile aliyemwita kwa jina. Asubuhi Nasimiyu alimfunga Bibi vifungo vya gauni na kumchana nywele. Mchana Bibi alimkalisha jikoni, wakamega kinyunya vipande vidogo kama maharagwe. Kila kipande waliweka juu ya kofia ya majani, wakakikandamiza kwa vidole viwili, wakakivuta. Hivi, Bibi alisema. Hivi. Kipande kilijikunja kama sikio, kikabaki na alama za ususi mgongoni na mifereji miwili tumboni.

Kofia haikuwepo hapa, kwa hiyo alitumia kawa la ukili alilotoka nalo Omari Tanga. Ma alisimama akimtazama, akacheka. Alisema masikio watu wote hukandamiza kwa gumba, hajaona anayetumia vidole viwili.

"Aliyenifundisha anajua kukushinda," Nasimiyu alimjibu, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka naye.

Aliyachemsha, akayamwagia mchuzi mchachu na majani ya vitunguu. Omari akapeleka. Nasimiyu akabaki kidirishani kumwona mgeni akionja.

Hakuonja. Alinyanyua sikio moja kwa vijiti, akaligeuza kwenye mwanga, akalilaza kiganjani. Akapitisha kucha kwenye mfereji wa kwanza, halafu wa pili. Kisha akanyanyuka, akauvuta mlango ukafungika, akaweka kiti chake mbele ya mlango huo na kukaa.

"Bosi, kuna nini?" Omari aliuliza.

Mgeni alitoa simu, akaongea Kichina polepole, kwa upole. Ma aliacha kucheka. Alimtazama Nasimiyu, akatazama chini.

Mgeni aliinua simu juu, akakielekeza kioo chake kwenye kidirisha. Humo mkono wa kizee ulikuwa ukimpungia Nasimiyu kwa furaha, ukipungapunga vidole vyake vinne, mahali pa gumba pakiwa kovu tu.

Nyuma ya Bibi, Baba wa nyumba alikuwa anavaa viatu.