Darubini ya Kabatini

Mzee Mwakio, mkuu wa maabara, aliweka tone la damu chini ya darubini. "Haya binti, niambie unaona nini. Ni ya mtoto aliyelazwa hapo ndani."

Tunu, mwajiriwa mpya, aliinama. Chuoni walikuwa wanafunzi mia tatu na darubini moja, nayo ilifungiwa kabatini isije ikaharibika. Mhadhiri aliichora ubaoni, wao wakakariri. Shahada aliipata, tena ya daraja la kwanza. Sasa aliona giza tupu. Akavuta karatasi, akachora vijidudu vya malaria kama vilivyokuwa daftarini mwake, bila kukosea hata kimoja.

Mzee aliutazama mchoro.

"Umechora vizuri," alisema taratibu.

Kisha akanyoosha mkono, akawasha taa ya darubini.